Likiza: Neno Lililozaa Likizo

Mwulize mwanafunzi yeyote maana ya neno "likizo", atakujibu kabla hujamaliza swali. Mwulize mfanyakazi wa ofisini, atakutajia na siku zake zilizobaki. Lakini waulize hao hao maana ya kitenzi "likiza", na wengi watabaki wakikutazama. Wachache watakisia kwamba ni kumpa mtu likizo, na watakuwa wamepata nusu ya jibu. Nusu iliyobaki wanayo bibi zetu, hasa wa mwambao na visiwani.

Kulikiza ni kumwachisha mtoto kunyonya. Mama humlikiza mwanawe, na mwana hulikizwa. Kamusi zetu zinalieleza neno hili kwa maana mbili zinazokaa pamoja: kumwachisha mtoto ziwa, na kumpa mtu ruhusa ya kuacha shughuli aliyokuwa akiifanya, kama mwalimu anavyowalikiza wanafunzi wake. Kutoka maana hiyo ya pili tukapata jina "likizo", ambalo leo limeandikwa katika sheria, katika barua za maofisini na katika mihula ya shule. Mtoto akawa maarufu kuliko mama yake. Mambo hayo hutokea katika lugha kama yanavyotokea katika nyumba za watu.

Likizo haikuupata umaarufu huo bila ushindani. Lilikuwapo neno "ruhusa", lililotoka Uarabuni, na hata leo mtu huomba ruhusa ya siku moja au mbili kwenda kuzika. Likaja na neno "livu", lililoletwa na Waingereza na kutamkwa kwa ulimi wetu. Makarani wa zamani walikwenda livu. Siku hizi livu imebaki kwa wazee, ruhusa imebaki na kazi yake ndogo, na likizo ndiyo imekalia kiti. Waliolichagua neno hilo walichagua vema, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo "ruhusa" haina. Anayelikizwa haachi kwa kufukuzwa, anaachishwa na mtu anayemtakia mema.

Hebu tuangalie pia ndugu za neno hili. Jirani zetu Waganda wakitaka kusema "acha" husema leka. Wasukuma nao husema leka. Wanyarwanda na Wakikuyu husema reka. Asikilizaye kwa makini atasikia sauti moja na maana moja ikipita kutoka ziwa Victoria hadi milima ya Kenya. Nasi tukitaka kusema wazi zaidi, husema "kuachisha ziwa". Na hapo pana jambo jingine la kupendeza. Kwa Kiswahili ziwa ni maji mengi yaliyozungukwa na nchi kavu, na ziwa ni titi la mama. Yakiwa mengi ni maziwa, na maziwa ndicho chakula chenyewe. Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 na kufariki 1962, alipotaka kuonyesha utamu wa lugha ya mtu aliyozaliwa nayo, aliifananisha na titi la mama. Hakuhitaji kutafuta mbali.

Basi wazee wetu walilikiza lini, na walilikiza vipi?

Kwa Waislamu wa pwani kipimo kilikuwa katika Kurani. Sura ya pili inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha kunyonyesha. Tena inasema kwamba baba na mama wakitaka kumwachisha mtoto kabla ya hapo, na wafanye hivyo kwa kuridhiana na kushauriana. Angalieni neno hilo la kushauriana. Kulikiza halikuachwa liwe jambo la mama peke yake, wala amri ya baba peke yake. Katika Biblia nako siku ya kuachishwa ilikuwa siku kubwa. Isaka alipoachishwa kunyonya, Ibrahimu alifanya karamu. Hana hakumpeleka Samweli hekaluni Shilo mpaka alipokwisha kumwachisha. Mtoto aliyelikizwa alihesabiwa kuwa amevuka mto wa kwanza wa maisha, maana wengi hawakuuvuka.

Bara hali haikuwa tofauti sana. Mtoto alinyonya mpaka alipotembea, akala ugali na kusema maneno yake ya kwanza. Siku ya kulikizwa ilipofika, palikuwa na njia mbili zijulikanazo. Ya kwanza ni kupaka ziwa kitu kichungu au kikali: shubiri, mwarobaini, au pilipili kwa mama asiye na huruma. Ya pili ni kumpeleka mtoto kwa bibi yake akakae huko majuma mawili matatu, arudi amesahau. Hata wanyama hawakuachwa. Wanuer wa Sudan Kusini humfunga ndama pete ya miiba puani, akitaka kunyonya miiba inamchoma mama yake, na mama anampiga teke. Ukilinganisha na hayo, shubiri ni upole.

Mtoto wa mwisho ndiye aliyefaidi. Kitinda mimba, ambaye wengine humwita mziwanda, hakuwa na wa kumwondoa kwenye ziwa, kwa hiyo alinyonya mpaka watu wakamcheka. Waliobaki waliondolewa na mdogo wao aliyekuwa njiani. Na hapa ndipo historia ya neno letu inapoacha kuwa ya lugha tu.

Wazee walijua kwamba mtoto akiondolewa ziwani mapema kwa sababu mama amepata mimba nyingine, mara nyingi mtoto huyo hudhoofika. Hawakuwa na maabara, walikuwa na macho. Wakalipa jambo hilo jina: kubemenda. Mtoto aliyekonda, anayeharisha, aliyechelewa kutembea, walisema amebemendwa. Sababu waliyoitoa ni kwamba wazazi walikutana kabla mtoto hajalikizwa, na maziwa yakaharibika. Ili kuepuka hilo, mume na mke walikaa mbali mpaka mtoto alipofikia umri wa kuachishwa, na kwa njia hiyo watoto wakapishana miaka miwili mitatu.

Tuseme kweli juu ya desturi hiyo. Tendo la ndoa haliharibu maziwa ya mama. Waganga wa hospitali wamelisema hilo mara nyingi. Lakini mimba zinazofuatana upesi huwaumiza mama na watoto wote wawili, na hilo nalo waganga wamelisema. Kwa hiyo wazee waliukosea mti lakini waliupata msitu. Ubaya ni kwamba lawama ilibaki, na hata sasa inabaki, juu ya mama. Mtoto mwenye kifua kikuu, mwenye minyoo, au mwenye njaa tu, huambiwa amebemendwa, na mama yake huona haya kumpeleka kliniki akajulikana. Wako watoto waliozikwa kwa sababu ya haya hiyo.

Maarifa kama hayo hayakuwa ya kwetu peke yetu. Mwaka 1929 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alifika Gold Coast, nchi ambayo tangu 1957 inaitwa Ghana. Alikuta watoto wa mwaka mmoja hadi minne wamevimba miguu, nywele zimebadilika rangi, ngozi inabanduka. Madaktari wengine waliona ni ugonjwa uliokwisha kujulikana. Yeye akawauliza kina mama wa Kiga wanauitaje. Wakamwambia: kwashiorkor, ugonjwa unaompata mtoto aliyeondolewa mdogo wake anapokuja. Mwaka 1933 akaueleza ugonjwa huo kwa wataalamu wenzake, na mwaka 1935 akaupeleka na jina lake la Kiga katika jarida la waganga la London. Ndiyo maana dunia nzima leo inatumia neno la kina mama wa Accra, nasi tukalifanya kwashakoo, ingawa tunalo na la kwetu, unyafuzi.

Tazama basi: bibi wa Kiga na bibi wa Kiswahili, wasiojuana, wote wawili waliona hatari mahali pale pale. Hatari haiko katika kunyonya. Haiko hata katika kulikizwa. Iko katika kile anachopewa mtoto siku inayofuata. Akitoka kwenye ziwa akaingia kwenye uji mwepesi wa muhogo au mahindi matupu, asubuhi na jioni, amelikizwa kwenye njaa.

Daktari Williams hakuishia hapo. Alihamishiwa Malaya, na mwaka 1939, akizungumza mbele ya wanachama wa Rotary mjini Singapore, alishambulia biashara ya maziwa ya kopo iliyokuwa ikiwashawishi kina mama kuacha kunyonyesha. Alisema vifo vya watoto vinavyotokana na ulaghai huo vihesabiwe kuwa ni mauaji. Maneno makali, tena mbele ya wafanyabiashara. Lakini biashara iliendelea kukua. Baada ya vita ilifika Afrika kwa nguvu, na mabango ya mtoto mnene mwenye tabasamu. Mama aliyenunua kopo moja, likamwishia, alizidisha maji ili unga ufike mwisho wa mwezi. Chupa haikuchemshwa kwa kuwa kuni ni ghali. Na maziwa yake mwenyewe yalikuwa yamekauka, maana ziwa lisilonyonywa hukauka.

Mwaka 1974 kijitabu kilichochapwa Uingereza kiliyafichua hayo. Mwaka 1977 watu nchini Marekani walianza kususia bidhaa za kampuni ya Nestlé. Na mwezi Mei 1981, mjini Geneva, Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa ya makopo kwa umma na ugawaji wa sampuli za bure kwa kina mama. Nchi 118 zilikubali. Moja tu ilikataa, nayo ilikuwa Marekani.

Hapa kwetu Tanzania hatukukaa tukitazama tu. Kituo cha Chakula na Lishe kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mwaka huo huo redio ilikusanya watu vijijini katika kampeni ya "Mtu ni Afya", na mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai". Watu walikaa chini ya mwembe na redio moja, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kulima bustani na kuchimba vyoo. Sisi tuliokuja kufanya kazi ya redio baadaye tulirithi heshima hiyo, na ni vizuri tukumbuke ilitoka wapi. Mwaka 1983 mpango wa lishe wa Iringa ukaanza, kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, katika vijiji 168. Kila robo mwaka watoto walipimwa uzito hadharani, na kijiji chenyewe kikaulizana: kwa nini huyu hakuongezeka? Mara nyingi jibu halikuwa ukosefu wa chakula. Mama alikuwa shambani tangu alfajiri, na mtoto aliyelikizwa alikula mara mbili tu kwa siku, wakati tumbo lake dogo linahitaji mara nne au tano. Utapiamlo mkali ulipungua sana katika vijiji vile.

Wataalamu wetu walifufua pia maarifa ya zamani ya kimea. Ulezi au mtama ukilowekwa, ukaachwa uchipue, ukaanikwa na kusagwa, unga wake kidogo tu ukitiwa katika uji mzito huufanya uwe laini bila kuongeza maji. Mtoto anakunywa uji mwepesi mdomoni, wenye shibe ya uji mzito. Wapika pombe ya kienyeji walikuwa wakikijua kimea siku zote. Ilibaki kukitoa kwenye chungu cha pombe na kukitia kwenye kikombe cha mtoto.

Kisha ukaja Ukimwi, na neno letu likaingia katika mtihani mkubwa kuliko yote. Ilipojulikana kwamba virusi vinaweza kupita katika maziwa ya mama, mama mwenye virusi alijikuta kati ya moto na maji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ushauri ulikuwa kwamba mwenye uwezo wa kupata maziwa mengine kwa usalama asinyonyeshe kabisa, na asiye na uwezo anyonyeshe peke yake miezi ya mwanzo, kisha aachishe mapema. Lakini uwezo huo ni wa nani? Mwanzoni mwa 2006 mvua kubwa zilinyesha Botswana, maji yakachafuka, na kuhara kukaua watoto wengi; walioumia zaidi ni wale wasionyonya. Mwaka 2008 ulitolewa utafiti uliofanyika Lusaka, Zambia, ukionyesha kwamba watoto walioachishwa ghafla wakiwa na miezi minne hawakufaidika kuliko walioendelea kunyonya. Wale waliokwisha kuambukizwa ndio walikufa zaidi walipoachishwa mapema. Tangu 2010 ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mama ameze dawa na aendelee kunyonyesha, na mwaka 2016 muda huo ulipanuliwa hadi miaka miwili au zaidi. Tulizunguka dunia nzima, tukarudi kwenye miaka miwili ile ile ya bibi zetu.

Sasa turudi kwenye likizo, maana hapo ndipo penye deni letu.

Shirika la Afya Duniani linataka mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6, bila hata maji. Kisha aanze kula huku akinyonya, mpaka miaka miwili na kuendelea. Miezi 6 ni siku zipatazo 180. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mfanyakazi likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Anaweza kuianza wiki 4 kabla ya kujifungua, na akifanya hivyo atabakiwa na siku 56 za kukaa na mtoto. Sheria hiyo inataka pia mwajiri ampe nafasi ya kunyonyesha, isiyozidi saa mbili kwa siku, wakati wa kazi. Ni sheria nzuri ukiilinganisha na zile za zamani. Lakini hesabu haidanganyi. Kati ya siku 84 na siku 180 pana pengo, na ndani ya pengo hilo yumo mtoto.

Saa mbili hizo nazo, kwa mama anayeishi Mbagala na kufanya kazi Posta, zitamfikisha wapi na foleni ile? Ofisi ngapi zina chumba ambapo mama anaweza kukaa na kunyonyesha, au kukamua maziwa bila kujificha chooni? Na hao ni wenye barua ya ajira. Mama ntilie aliyejifungua Jumatatu hana wa kumwandikia likizo. Msichana wa kazi za ndani, mchuuzi wa ndizi, kibarua wa shamba la watu, wote hao hurudi kazini njaa inapowarudisha. Ndipo bibi au dada wa miaka tisa anapokabidhiwa mtoto, kikombe cha uji na maji ya bomba. Mtoto huyo amelikizwa bila mtu kutamka neno.

Ajabu ya lugha ni hii. Tulilichukua neno la kumwachisha mtoto ziwa, tukalifanya neno la kumpumzisha mfanyakazi. Halafu tukayaunganisha tena tukasema "likizo ya uzazi", likizo ambayo kazi yake yote ni kuchelewesha kulikiza. Mama analikizwa kazini ili mtoto asilikizwe ziwani. Likizo ya mama ikiwa fupi, kulikizwa kwa mtoto kunakuja mapema. Sidhani kuna lugha nyingine iliyouweka mzani huo wazi namna hiyo.

Waajiri wataniambia siku nyingi ni gharama. Ni kweli, ni gharama. Lakini mtoto anayeharisha naye ana gharama, na anailipa mama yake kwa kukosa kazi, inailipa hospitali ya serikali, na wakati mwingine inalipwa makaburini. Tofauti ni kwamba gharama hizo haziandikwi katika daftari la mwajiri. Vyama vya wafanyakazi, wabunge na wanaotunga mikataba ya hiari kazini wanaweza kuanza na mambo madogo yasiyohitaji fedha nyingi: chumba chenye mlango unaofungwa, ratiba inayomruhusu mama kutoka mapema, kazi nyepesi miezi ya mwanzo. Na sisi wanaume tuondoe mikono mifukoni. Kurani ilisema kushauriana, na kushauriana kunahitaji watu wawili. Baba anayejua mtoto wake amekula mara ngapi leo amefanya kazi kubwa kuliko anayeuliza tu kwa nini amekonda.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nasi tungeweza kuongeza kwamba umlikizavyo ndivyo asimamavyo. Bibi aliyesema "mwanangu bado sijamlikiza" hakuwa anataja maziwa peke yake. Alikuwa anasema kazi yake bado haijaisha. Wiki ya Kunyonyesha huadhimishwa duniani kote tarehe 1 hadi 7 Agosti kila mwaka, tangu 1992. Itakapofika tena, badala ya fulana na hotuba, kila ofisi ijiulize swali moja: mama waliojifungua mwaka huu hapa kwetu, ni wangapi waliolikiza kwa hiari yao, na ni wangapi waliolikizishwa na kazi?